Nimemaliza matibabu ya saratani ya titi: nile nini, na je, mazoezi yataamsha ugonjwa?

SWALI: Shikamoo mtaalamu. Nina miaka 47, ni fundi cherehani hapa Tanga. Nilikutwa na saratani ya titi la kulia, nikatolewa titi pamoja na tezi za kwapani, nikamaliza dripu za kemotherapi, nikapigwa mionzi Ocean Road, na sasa nipo kwenye vidonge vya tamoxifen. Wifi yangu amenipa orodha: sukari marufuku, nyama marufuku, mayai na maziwa marufuku, soya ndiyo kabisa, kwa kuwa eti vyote vinalisha saratani. Asubuhi nakunywa uji mweupe mtupu, mchana ugali au wali na mchicha, jioni juisi ya biti ruti na kipande cha muhogo. Majani ya mstafeli nachemsha, nakunywa kikombe kutwa mara mbili. Nina kilo 68. Tumbo limeongezeka lakini mapaja na mikono imepungua, na nachoka hadi kupanda ngazi tatu za barazani ni kazi. Watoto hawaniruhusu kushika hata ndoo. Nataka kuanza mazoezi ila naambiwa yataamsha ugonjwa, au mkono utavimba. Nifanyeje? Ramadhani nayo inakuja, nifunge? Na rafiki yangu tuliyejuana wodini, ambaye ugonjwa wake umefika kwenye mifupa na bado yuko kwenye dripu, naye afuate hayo hayo?

JIBU: Marahaba, dada yangu, na pole sana kwa yote uliyopitia. Katika maelezo yako kuna jambo moja linalonitia wasiwasi kuliko mengine, nalo halimo kwenye orodha ya wifi. Ni pale uliposema tumbo limeongezeka huku mapaja na mikono ikipungua. Maana yake unapoteza misuli na kuweka mafuta kwa wakati mmoja, na mizani haitakuonyesha kwa sababu kimoja kinafunika kingine. Uchovu wa ngazi tatu unatoka hapo kwa sehemu kubwa. Umejibana kwenye sahani, ambako hapakuwa na haja ya kubana kiasi hicho, na umeacha mwili ulale wakati ulipaswa kuwa unauchezesha.

Tuanze na sukari, maana ndiyo inayowanyima watu usingizi. Hofu hii haikuzuka hewani. Miaka ya 1920 mwanasayansi wa Ujerumani, Otto Warburg, aliona kwamba seli za saratani hutumia glukosi kwa wingi na kwa namna yake, na hadi leo kipimo cha picha cha PET kinategemea tabia hiyo. Tatizo ni hitimisho ambalo watu wamelivuta: kwamba ukiacha sukari, saratani itakufa njaa. Glukosi ni chakula cha kila seli yako, kuanzia ubongo hadi vidole unavyoshikia kitambaa, na mwili hauwezi kukubali iishe kwenye damu. Usipokula vya kutosha, ini linaitengeneza lenyewe, na moja ya malighafi zake ni protini inayotolewa kwenye misuli yako. Na uji mtupu wa asubuhi na muhogo mkavu wa jioni navyo ni wanga unaogeuka glukosi, kwa hiyo saratani hujaibana. Umebana mapaja yako.

Hii haina maana ya kurudi kwenye soda. Chupa ya soda ya mililita 300 ina sukari ya kama vijiko vinane vya chai, na kazi yake kubwa kwa mtu wa hali yako ni kuongeza mafuta ya tumbo. Kijiko kimoja kwenye chai au kwenye uji hakina neno. Tunda zima ni bora kuliko juisi, hata hiyo ya biti ruti unayoiheshimu sana: haina ubaya, ila haiongezi damu kama watu wanavyodhani, na haiwezi kuitwa chakula cha usiku.

Mafuta ya tumbo nayatilia mkazo kwa sababu ya aina ya ugonjwa wako. Kupewa tamoxifen, dawa ya kuzuia kazi ya estrojeni kwenye titi, kunaniambia kwamba saratani yako ilikuwa ile inayosikiliza homoni ya estrojeni. Dripu mara nyingi huzima ovari, yaani vifuko vya mayai ya uzazi, kwa wanawake wa umri wako, wengine moja kwa moja, na ovari zikinyamaza, kiwanda kikubwa cha estrojeni kinachobaki mwilini ni mafuta yenyewe. Ndiyo maana tunataka kiuno kipungue polepole na misuli irudi. Tukikushusha kilo kwa njaa, itakayotangulia kuondoka ni misuli.

Sasa marufuku ya mayai, maziwa na nyama. Mtu aliyetoka kwenye matibabu ya saratani tunamlenga apate protini zaidi ya gramu moja kwa kila kilo ya uzito wake kwa siku, ikiwezekana hadi gramu moja na nusu, mradi figo zake ziwe nzima. Kwako ni kama gramu 70 hadi 80, kwa kuanzia. Nimepiga hesabu ya ulichoniandikia, na nikikuonea huruma sana nafikisha gramu 30. Mchicha ni mboga nzuri, lakini haujengi paja.

Kwa mtu wa Tanga, kujaza pengo hilo hakuhitaji duka la virutubisho. Asubuhi kula mayai mawili, ambayo ni gramu 12. Mchana, kikombe kimoja cha mbaazi au maharage yaliyoiva ni gramu 15 hivi, na ugali au wali wenyewe unaongeza tano au sita. Alasiri glasi ya maziwa ya mgando, gramu 8, na karanga za kujaza kiganja, gramu 7. Usiku kibua au samaki yeyote uliyempata, kipande cha ukubwa wa kiganja bila vidole, na hapo una gramu 20 na kitu. Umefika 70 bila kuonja nyama. Siku samaki akipanda bei, dagaa wakavu wanatosha kabisa, na ukiwatafuna na mifupa yao unapata kalsiamu. Tui la nazi sikukatazi, wewe ni mtu wa pwani. Weka jepesi, na mbaazi zisiogelee.

Nyama ya ng'ombe au mbuzi kula ukiipenda, mara mbili au tatu kwa wiki, isizidi nusu kilo iliyopikwa kwa wiki nzima. Soseji na nyama za kusindikwa ndizo za kuziacha. Na karanga, za kula au za kusaga, zichambue kwa mkono kabla hujazitumia: iliyokunjamana, iliyobadilika rangi au yenye ukungu itupwe, kwa sababu ya sumukuvu. Hili linahusu zaidi unga wa lishe wa kununua, ambao hujui karanga zake zilikaa wapi. Afadhali usage wako.

Soya tuimalize haraka. Ina vitu vinavyofanana kidogo na estrojeni, ndiyo asili ya woga. Huko Shanghai, China, watafiti walifuatilia wanawake 5,042 waliougua saratani ya titi, na matokeo yaliyotoka mwaka 2009 yalionyesha kwamba waliokuwa wakila vyakula vya soya kwa wingi walirudiwa na ugonjwa na kufa kwa kiwango kidogo kuliko waliokula kidogo, wakiwemo waliokuwa wakimeza tamoxifen. Soya ya kwenye uji au maziwa yake, kunywa. Vidonge vya soya vilivyokamuliwa, viache.

Majani ya mstafeli nakuomba uyasitishe leo. Tunda lake ukilipata msimu wake kula kipande, lakini majani ya kuchemsha kila siku ni jambo jingine. Hakuna utafiti kwa binadamu ulioonyesha kwamba yanatibu saratani ya titi. Yaliyopo ni majaribio ya seli kwenye vyombo vya maabara, na kwenye vyombo hivyo hata siki itaua seli. Upande wa pili, mti huo una kemikali inayodhuru neva. Katika visiwa vya Guadeloupe, kule Karibi, madaktari waliihusisha tabia ya kunywa majani yake na kula tunda lake kwa wingi na ugonjwa wa kutetemeka na kukakamaa unaofanana na Parkinson. Wewe mikono yako ndiyo riziki yako. Tahadhari pia na vidonge vya bizari ya manjano: utafiti mdogo wa Uholanzi wa mwaka 2019 ulionyesha vinaweza kupunguza kiwango cha tamoxifen kwenye damu. Manjano ya kwenye mchuzi hayana tabu. Pombe sijui kama unatumia. Kama hutumii, umeshaondokana na kitu kimoja ambacho kwa kweli kinahusishwa na saratani ya titi.

Utauliza, basi kama chakula si dawa, kuna mlo wowote uliojaribiwa? Upo. Marekani walichukua wanawake 3,088 waliokwisha kutibiwa saratani ya titi, nusu wakapewa mlo mkali wa mboga nyingi mno, matunda, nyuzinyuzi na mafuta kidogo, nusu wakaendelea na mlo wa kawaida wenye matunda na mboga za kutosha. Walifuatiliwa zaidi ya miaka saba. Matokeo yalitoka mwaka 2007: ugonjwa ulirudi kwa kiwango kilekile pande zote mbili. Mimi utafiti huo huwa naupenda, kwa sababu unamtoa mgonjwa kifungoni. Kula mboga, kula matunda, vina faida zake kwa moyo, choo na uzito. Ila siku ukila chapati kwenye harusi usirudi nyumbani ukilia.

Kwenye mwendo habari ni tofauti. Mwaka 2005 yalichapishwa matokeo ya wauguzi 2,987 wa Marekani waliougua saratani ya titi. Waliokuwa wakitembea kama saa tatu hadi tano kwa wiki, mwendo wa kawaida tu, walikuwa na hatari ndogo zaidi ya kufa kwa ugonjwa huo kuliko waliokuwa wakikaa. Huo ulikuwa utafiti wa kufuatilia, na mtu anayeumwa zaidi hutembea kidogo, kwa hiyo siwezi kukuapia kwamba miguu ndiyo iliyowaokoa. Ninachoweza kukuapia ni kwamba hakuna ushahidi wowote wa mazoezi kuamsha saratani, na kwamba kwa uchovu unaobaki baada ya matibabu, mazoezi yamethibitika kusaidia kuliko kulala. Uchovu huu una tabia ya ajabu: ukiupumzikia unaongezeka. Lakini kwanza pima damu. Kama una upungufu, au tezi ya shingoni haifanyi kazi vizuri, hilo litibiwe. Na mwambie daktari unataka kuanza mazoezi, kwa sababu baadhi ya dripu za titi, hasa ile nyekundu, zinaweza kudhoofisha moyo. Akiona haja atakupima kwa ekokadiogramu, yaani picha ya moyo unavyopiga.

Wiki mbili za mwanzo tembea dakika kumi asubuhi kabla jua halijakali na kumi jioni, basi. Kipimo cha kasi ni mdomo wako: uweze kuongea na mwenzako, ushindwe kuimba. Kila wiki ongeza dakika chache hadi ufike nusu saa, siku tano. Siku umelala vibaya au joto la ghafla linaloletwa na tamoxifen limekutesa usiku kucha, fanya nusu. Siku hiyo usiihesabu kuwa umeshindwa.

Kutembea peke yake hakutarudisha mapaja. Siku mbili kwa wiki, zisizofuatana, fanya kazi ya misuli. Kaa kwenye kiti chako cha cherehani, kunja mikono kifuani, simama bila kujisukuma, keti taratibu. Mara nane, pumzika, rudia. Ukiona nane zimekuwa rahisi, zifanye kumi, kisha kumi na mbili. Halafu simama hatua moja kutoka ukutani, viganja ukutani, kunja viwiko ulete kifua karibu, sukuma urudi. Na upande wa kulia, kila siku, vidole vipande ukutani kama buibui hadi pale ngozi ya kwapani inapovuta, hesabu pumzi tano, shuka. Mionzi huendelea kukaza ngozi na misuli ya kifua kwa miezi mingi baada ya kumalizika, na fundi anayeinama mezani kutwa anaisaidia ikaze. Kila ukimaliza nguo moja, inuka.

Sasa mkono na ndoo. Kwa miaka mingi wanawake waliotolewa tezi za kwapani waliambiwa wasinyanyue chochote kizito maisha yao yote. Mwaka 2009 kundi la Kathryn Schmitz, Marekani, lilichapisha majaribio ya wanawake 141 ambao mikono yao ilikuwa tayari imevimba. Nusu walinyanyua vyuma mara mbili kwa wiki kwa mwaka mzima, wakianza na vyepesi na kuongeza kidogo kidogo, wamevaa soksi ya kubana mkono. Mikono yao haikuvimba zaidi ya ile ya wenzao, na walipata vipindi vya uvimbe kuzidi vichache kuliko wenzao. Mwaka uliofuata wakachapisha majaribio kama hayo ya wanawake ambao hawajavimba, na kwao pia kunyanyua hakukuleta uvimbe.

Siri ni kule kuanza kidogo. Ndoo ya lita 20 ni kilo 20, na hatari yake ipo katika ile sekunde ya kuitupa kichwani kwa mkono ambao umekaa miezi haujabeba kitu. Anza na chupa mbili za nusu lita zilizojaa maji, kila mkono moja: kunja kiwiko, nyoosha, inua pembeni hadi usawa wa bega. Baada ya wiki mbili au tatu, mkono ukiwa kimya, hamia chupa za lita moja, kisha kidumu cha lita tatu kubeba kwa mkono ulionyooka. Ukifika lita kumi kwa mikono miwili umefika pazuri, na watoto waendelee kubeba ile ya kichwani. Hiyo waachie tu, wamezaliwa kwa kazi gani?

Jinsi ya kujua mkono umelalamika: pete au bangili inabana kuliko jana, mkono wa gauni unakataa kupanda, au unahisi uzito usiku wa siku ile ulipofanya mazoezi. Chukua utepe wako wa kupimia, pima mikono yote miwili sehemu zilezile, juu ya kifundo na vidole vinne juu ya kiwiko, mara moja kwa wiki, uandike kwenye daftari la wateja. Sentimita mbili zikiongezeka upande wa kulia peke yake, rudi kliniki. Vaa glavu ukiparua samaki au ukilima bustani, vaa tondoo kwenye mkono unaokutana na sindano, na mkwaruzo wowote uoshe hapo hapo. Mkono ukiwa mwekundu, wa moto, ukiambatana na homa, hayo ni maambukizi yanayohitaji antibiotiki siku ileile. Usikande kwa maji ya moto.

Dalili nyingine ya kuacha kila kitu na kwenda hospitali ni mguu mmoja kuvimba na kuuma kwenye shavu la mguu, maumivu ya kifua au pumzi kukata ghafla. Tamoxifen huongeza kidogo uwezekano wa damu kuganda kwenye mishipa. Hili nalo ni sababu nyingine ya kutokaa kwenye cherehani saa nne mfululizo.

Ramadhani: kwa hali yako ya sasa, damu ikiwa sawa na daktari akiridhia, wengi hufunga salama. Tamoxifen ni mara moja kwa siku, utaimeza baada ya futari. Protini igawe: daku iwe na mayai au maharage, futari isiwe mihogo, viazi na kaimati pekee. Matembezi yahamishie saa moja kabla ya magharibi, mepesi, au baada ya tarawehe. Ukijisikia kizunguzungu, fungua. Ruhusa ya mgonjwa imo ndani ya Kurani yenyewe, katika sura ya Al-Baqara, na sheikh wako atakufafanulia namna ya kulipa.

Rafiki yako asifuate hayo yako. Akiwa kwenye dripu asifunge, maji yakipungua mwilini figo zake na dawa hazitaelewana. Asijali kiuno sasa, ale kinachopita: uji wa maziwa na siagi ya karanga uliopoa, mtindi, yai lililoiva hadi kiini, sahani ndogo mara sita. Chakula cha baridi hakitoi harufu kali, kwa hiyo hakitibui kichefuchefu kama cha moto. Mdomo ukiwa na vidonda asukutue maji ya uvuguvugu yenye chumvi kidogo, na pilipili na ndimu aziache kwanza. Siku ya saba hadi ya kumi na nne baada ya kila dripu kinga huwa chini kabisa. Kachumbari ya mtaani, juisi ya barabarani na samaki asiyeiva vizuri asiguse, na homa ikifika nyuzi 38 aende hospitali hata kama ni usiku wa manane.

Kutembea uwanda tambarare anaweza, hata dakika tano tano ndani ya uwanja wa nyumba, na viatu vya kufunika kisigino, hasa kama miguu imeanza kufa ganzi. Kunyanyua, kuinama kuchota maji, kujipinda kiuno kwa ghafla, hapana, mpaka daktari atazame picha zake amwambie ni mfupa upi umeguswa na unaweza kubeba nini. Wapo wanaoruhusiwa mazoezi mengi tu. Ila akipata maumivu mapya ya mgongo yanayozidi akilala, miguu ikalegea, au akashindwa kuzuia mkojo au choo, hayo yanaweza kuwa ni uti wa mgongo unabanwa. Hapo asisubiri tarehe ya kliniki. Apelekwe saa hiyo hiyo, amelala, asitembezwe.